Nani alikuwako? Kuuzisha nyumba katika Bukavu, tangu kalinzi hadi komisionere

Watu wanapoongea juu ya mila, wanafikiri kwanza ngoma, mahari, kilio na majina ya watoto. Kuuzisha nyumba hawakuweki humo. Wanaona ni jambo la feza tu, jambo la mji, lililokuja na wazungu na karatasi zao. Sisi tunaona hapana. Namna mtu anavyoachana na nyumba ao udongo wake ina historia ndefu katika Kivu yetu, na historia hiyo inaweza kutusaidia kujibu ulizo linalosumbua jamaa nyingi: nikitaka kuuzisha nyumba yangu, nitafute mnunuzi mimi mwenyewe, ao nimpe komisionere kazi hiyo?

Mara nyingi ulizo hilo linajibiwa kwa hesabu ya feza. Komisionere anaomba sehemu yake. Mwenye nyumba anahesabu, anaona ni nyingi, anaamua kujiuzishia. Ao anaona hajui watu wenye uwezo, basi anakubali. Hesabu hiyo si mbaya. Lakini wazee wetu, kabla ya kuuliza ni feza ngapi, waliuliza jambo lingine: nani alikuwako? Yaani, siku ile mali ilipotoka mkono huu kuingia mkono ule, ni nani aliona? Tutafuata ulizo hilo la pili tangu vilima vya Bushi hadi avenyu za Kadutu na Ibanda, halafu tutarudi kwa lile la kwanza.

Neno lenyewe

Tuanze na lugha. Katika Kiswahili cha vitabu, kuuza ni kutoa mali ili upate feza. Kwetu Bukavu, sawa na Goma na Lubumbashi, mama akisema "nimeuza nyanya ku soko," anataka kusema kwamba amenunua. Yule anayetoa mali, huyo anauzisha. Walimu wametukosoa miaka mingi juu ya neno hilo, na kila mwaka wanafunzi wanarudi nyumbani na kusema vilevile.

Hatutaki kubishana na walimu. Tunaonyesha tu kwamba kuuzisha, kwa umbo lake, ni kumfanya mtu mwingine anunue. Ndani ya neno kuna watu wawili tayari, na mara nyingi kuna wa tatu aliyewaleta pamoja. Katika kurasa hizi tutaandika kuuzisha kwa anayetoa na kununua kwa anayepata, ili msomaji kutoka upande wowote asipotee.

Udongo wa Bushi

Vilima vinavyozunguka Bukavu ni vya Bushi, na sehemu zake kubwa mbili ni Kabare na Ngweshe. Huko udongo ulihesabiwa kuwa wa mwami, naye aliugawa kwa mikono ya wakubwa waliokuwa chini yake, wanaoitwa barhambo. Mtu aliyetaka mahali pa kukaa, pa kulima na pa kuachia watoto wake, alitoa kalinzi. Kalinzi ilikuwa ng'ombe, ao mbuzi, kufuatana na ukubwa wa udongo na uwezo wa mtu. Haikuwa bei kama bei ya soko. Ilikuwa alama kwamba mtu huyo ameingia katika undugu na utii kwa mwenye kumpa, na kwamba tangu siku hiyo udongo ule utafuata damu yake. Akifa, mwana wake anakaa.

Chini ya kalinzi kulikuwa bwasa. Mwenye kalinzi aliweza kumwazima mwingine kipande cha kulima, na yule alilipa kwa siku za kazi. Lakini mwenye bwasa hakuruhusiwa kupanda migomba ao mti mwingine wa kudumu. Sababu inaeleweka na kila mkulima: maharagwe yanang'olewa na kuisha, mgomba unabaki na kuzaa wengine. Anayepanda mgomba anasema kwa mikono yake kwamba amefika kukaa.

Baadaye, katika siku za ukoloni, ikaingia bugule, ambayo ni kununua kwa kweli. Feza inatolewa, udongo unapatikana, na mambo yanaishia hapo. Aliyenunua kwa bugule hakuwa na deni la utii kama mwenye kalinzi. Wengi waliipenda kwa sababu hiyo.

Jambo moja tunataka msomaji alishike. Kalinzi haikutolewa gizani. Bashamuka, wazee wa kilima, walikuwako. Majirani waliopakana na udongo ule walikuwako. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilinywewa. Miaka ikipita na ugomvi ukizuka juu ya mpaka, hakuna aliyetafuta karatasi. Walitafuta wale waliokunywa. Aliyekunywa hakuweza kusema kwamba hakuona.

Je, kulikuwa mtu wa katikati? Ndiyo, alikuwako. Mtu mdogo hakujiendea tu mbele ya mkubwa na kuomba udongo. Alipita kwa mtu anayejulikana pande zote mbili, sawa na vile katika ndoa tunatuma mjumbe kabla ya kutuma mahari. Kwa hiyo wanaosema kwamba mtu wa katikati ni kitu cha mji, hawasemi kweli yote. Tofauti iko kwingine. Mjumbe wa zamani alikaa kwenye kilima kilekile. Alipata shukrani yake, lakini kama alidanganya, kesho wangekutana naye kwenye maji, sokoni na kwenye kilio. Hakuwa na pa kujificha.

Nyumba yenyewe, ile ya matete na majani, haikuwa kitu cha kuuzisha. Haikudumu kama nyumba ya matofali. Iliharibika, ikajengwa nyingine. Vitu vilivyodumu ni migomba, mipaka, na makaburi ya wazee. Mtu aliyeachia udongo aliachia vyote hivyo, na kwa sababu hiyo jambo lilikuwa la jamaa nzima.

Tusipambe mila kupita kiasi, hata hivyo. Mara nyingi mwanamke hakutoa kalinzi kwa jina lake. Mnyonge aliweza kunyang'anywa na mkubwa, na mashahidi wakanyamaza kwa kuogopa. Shahidi anafaa pale ambapo ana uhuru wa kusema. Tutakumbuka hilo mbele.

Wakati wa ma-cité

Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru la Kongo lilitoa amri kwamba udongo usio na wenyewe ni mali ya Serikali. Waliotunga amri hiyo hawakuwa wameuliza bashamuka wa kilima chochote. Mwaka 1928 likaundwa Comité National du Kivu, ambalo lilipewa uwezo wa kugawia wazungu mashamba katika eneo kubwa la jimbo hili. Hapo ndipo wengi wa wazee wetu walijifunza kwa uchungu kwamba karatasi iliyotiwa sahihi mbali inaweza kushinda shahidi aliye karibu.

Mji wetu, ulioitwa Costermansville mpaka miaka ya 1950, ulijengwa kwa kutenga watu. Wazungu walikaa upande wa Ibanda. Weusi walikaa Kadutu, na baadaye Bagira. Dekreti ya tarehe 23 Novemba 1931 iliunda vile vilivyoitwa centres extra-coutumiers, maana yake mahali palipo nje ya mila. Jina hilo linasema mengi. Mtu aliyetoka Kabare, Idjwi, Mwenga ao Fizi na kufika cité, alihesabiwa kuwa ameacha kilima chake nyuma, pamoja na mashahidi wake.

Katika cité, kupata parsele kulipita ofisini. Aliyetaka kumwachia mwingine nyumba yake alipashwa kurudi ofisini hapohapo. Kitabu kilichojulikana kwa jina la livret de logeur kikawa shahidi mpya; wengi waliita tu "livre." Kisha mambo yakafunguka kidogo. Mwaka 1952 liliundwa Office des Cités Africaines, ambalo watu walizoea kuita OCA, na nyumba zake tunaziona mpaka leo huko Bagira. Dekreti ya tarehe 10 Februari 1953 ilikubali kwamba Mkongomani anaweza kuwa na nyumba na udongo kwa jina lake mwenyewe. Baada ya safari ya mfalme Baudouin mwaka 1955, ukaja mfuko ulioitwa Fonds du Roi kwa kusaidia watu kujenga.

Hapo njo tunaona baba zetu wakifanya jambo la akili. Hawakuacha mila, waliihamisha. Mtu alipouzisha nyumba Kadutu, alienda ofisini kwa ajili ya kitabu, lakini jioni aliita majirani wa kuume na wa kushoto. Bashamuka hawakuwako, kwani jirani mmoja alikuwa Mushi, mwingine Murega, mwingine Mubembe ao Mufuliru. Kasiksi ikawa bia ya chupa. Lakini ulizo lilibaki lile lile, na lilisemwa kwa Kiswahili sasa, kwa kuwa ndicho kilichowaunganisha wote: "Muliuzisha mbele ya nani?"

Udongo wa Serikali, nyumba ya mtu

Baada ya uhuru, sheria ya tarehe 7 Juni 1966, inayojulikana kama sheria Bakajika, ilirudishia Serikali udongo na mali iliyo chini yake. Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Sheria hiyo ilisema kwamba udongo wote ni mali ya Serikali peke yake, nayo haiwezi kuupoteza. Mtu anapata ruhusa ya kuutumia, yaani konsesyo, na nyumba iliyo juu ni yake. Haki hiyo inasimama kwa karatasi moja tu: certificat d'enregistrement, ambayo inatolewa na konservatere. Nyumba ikiuzishwa, sertifika ya zamani inafutwa na mpya inaandikwa kwa jina la mnunuzi.

Juu ya udongo wa vijiji, sheria ileile, katika vifungu vya 387 hadi 389, iliahidi amri ya Rais ambayo ingepanga haki za wenyeji. Miaka makumi ilipita bila amri hiyo kutoka. Basi tukabaki na dunia mbili. Watu wachache walikuwa na sertifika. Wengine walishika livre ya zamani, ao fishi ya parsele, ao barua ya kuuzisha yenye muhuri wa shefu. Na mji ulipopanda vilima, parsele nyingi mpya zilikatwa kwenye udongo wa kalinzi na bugule, ambamo mwenye kuuzisha alisema ni wa babu yake, na ndugu zake wakasema ni wa babu yao pia.

Matukio mengine yaliongeza vurugu. Tarehe 30 Novemba 1973 ilitangazwa zairianisation, na mali za wageni wengi zikapewa watu bila kununuliwa. Baadaye wenyewe waliporudi, pakawa wawili wenye kudai mlango mmoja. Tarehe 25 Desemba 1979, noti za zaire 5 na 10 zilikufa kwa usiku mmoja. Mtu aliyekuwa ameuzisha nyumba juzi na kuficha feza ndani ya mto wa kulalia, alibaki bila nyumba na bila feza. Tangu miaka ya 1990, nyumba zinauzishwa kwa dola, na aliyeona mambo hayo hatashangaa.

Komisionere alitoka wapi?

Komisionere kama tunavyomjua ni mtoto wa shida za miaka hiyo. Mishahara ya Serikali ilikufa, viwanda vilifunga, vijana waliosoma walikosa kazi. Mwaka 1994 wakimbizi wengi sana walitoka Rwanda na kuingia Kivu. Vita vya 1996, halafu vile vya 1998 hadi 2003, vilisukuma watu wa Walungu, Kabare, Kalehe na Shabunda kuingia mjini. Mashirika ya msaada yalihitaji nyumba za ofisi. Kwa mara ya kwanza, mnunuzi na mwenye kuuzisha hawakujuana hata kidogo: mmoja alikuwa na dola na haraka, mwingine alikuwa na nyumba na njaa. Kijana aliyejua nani anaondoka na nani anafika, akajikuta na kazi. Simu ya mkononi ilipoenea katika miaka ya 2000, kazi hiyo ikawa kubwa.

Kazi yake ni habari. Anajua parsele ipi ina maji, ipi gari haifiki, ipi mvua ikinyesha inatelemka. Kwa kupangisha, anapata mara nyingi kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Kwa kuuzisha, wanapatana, na tumezoea kusikia kati ya 5 na 10 kwa mia. Nyumba ya dola 20.000, kwa 10 kwa mia, inamwachia dola 2.000. Si feza ndogo kwa jamaa ambayo labda inauzisha ili kulipa hospitali ao masomo.

Tena mara nyingi yeye si mmoja. Huyu ana nyumba, anamwambia mwenzake, naye anamwambia mwingine mwenye mnunuzi. Siku ya feza wanatokea watatu ao wane, kila mmoja akisema bila yeye isingewezekana. Na iko ile desturi ya "juu": mwenye nyumba amesema 20.000, mnunuzi ameambiwa 23.000, na pande zote mbili zimekatazwa kuongea bila yeye kuwa katikati. Hapo mtu wa katikati amekuwa ukuta.

Kujiuzishia mwenyewe

Wanaojiuzishia wana sababu nzuri. Mwenye nyumba anajua nyumba yake kuliko yeyote. Anaweza kumtazama mnunuzi machoni, kumuuliza jamaa yake ni nani, kuchagua jirani mwema kwa wale anaowaacha. Feza ya komisyo inabaki ndani ya jamaa. Na hakuna "juu," kwa sababu wanapatana wao wawili.

Lakini kuna upande mwingine ambao watu wenye kiburi hawapendi kusema. Kwetu, kupatana bei na mtu wa karibu kuna haya nyingi. Mkwe akitaka nyumba yako, utamwambiaje bei ya kweli? Rafiki wa kanisa akilipa nusu na kuomba umngojee, utamshtakije? Na mjane, akijiuzishia peke yake, anaweza kukuta shemeji zake wamekaa barazani kabla ya mnunuzi, wakimwambia bei wanayotaka wao. Wengi wamepoteza nyumba kwa bei ya mbuzi kwa sababu ya mtu wa ndani.

Tena, anayejiuzishia mara nyingi anauzisha kwa siri. Hataki ndugu wajue, wasije kuomba sehemu. Hataki majirani wajue, wasiseme ameshindwa na maisha. Siri hiyo njo hatari kubwa. Nyumba iliyouzishwa kimya, bila mtu kuona, inaweza kuuzishwa tena kesho na ndugu mwingine mwenye livre ya zamani mkononi.

Kumpa komisionere

Komisionere mwema anasaidia kweli. Anafikia watu ambao mwenye nyumba hangewafikia. Anabeba haya ya kupatana: anaweza kumwambia mkwe ao mchungaji bei kavu bila kuvunja undugu. Mama mzee ambaye watoto wake wako mbali anapata mtu wa kutembeza wageni. Tumesikia namna wanavyojileta kwa mlango: "Mama, iyi nyumba yako niachiliye miye, nitakutafutia mutu wa feza." Na wengine wanamleta kwa kweli, tena kwa heshima.

Hatari yake tumekwisha kuigusa. Yeye analipwa siku ile feza inapotoka, na kesho yake jambo halimhusu. Kama mwenye kuuzisha hakuwa mwenye nyumba, kama mke hakukubali, kama parsele ina kesi, komisionere amekwisha kwenda na chipu ya simu amebadilisha. Anapanga nyumba nyingi kwa mwezi, hawezi kukumbuka zote. Mjumbe wa kilima alijibu kwa jina lake mpaka kufa kwake. Huyu anajibu mpaka jioni.

Tangu mwaka 2025 hatari hiyo imeongezeka. Mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa Februari mwaka huo, jamaa nyingi zilitawanyika, wengine Kinshasa, wengine Burundi na mbali zaidi. Nyumba zilibaki na mlinzi, ao na binamu. Mwenye nyumba aliye mbali anaongea na komisionere kwa simu, anatumiwa picha, anatumiwa sehemu ya feza. Haoni nani anaingia ndani ya nyumba yake, na mnunuzi haoni ni nani anamuuzishia.

Tuchague nini?

Sisi hatutoi hukumu kwamba njia moja ni ya wenye akili na nyingine ya wajinga. Aliye na muda, anayejulikana katika kartie yake, na ambaye jamaa yake inapatana, ajiuzishie; komisyo haina lazima kwake. Aliye mbali, ao mjane anayesongwa na wakwe, ao mwenye nyumba kubwa ambayo majirani hawawezi kununua, amtafute mtu wa katikati. Lakini njia zote mbili zinaharibika kwa kosa lile lile, nalo ni kukosa watu walioona. Anayejiuzishia kwa siri na anayemwachia komisionere kila kitu wamefanya jambo moja: wamefukuza mashahidi.

Kwa hiyo tunaleta mashauri machache, yaliyotoka katika mila na katika sheria pamoja.

Kwanza, jamaa ikae. Kodi ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inataka mume na mke wakubaliane wote wawili kabla ya kutoa konsesyo, na inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Mahali ambapo zamani mwanamke hakuhesabiwa, sheria imemweka kuwa shahidi wa kwanza. Watoto wakubwa nao wasikie, hata wale walio mbali, kwa simu.

Pili, kabla ya dola moja kutoka, mnunuzi aende kwa konservatere na kwa kadastre kuuliza parsele hiyo imeandikwa kwa jina la nani na kama haina kesi. Shefu wa avenyu na shefu wa kartie waulizwe vilevile, kwani wao wanajua magomvi ambayo kitabu hakijui.

Tatu, majirani wa pande zote waitwe siku ya mipaka. Watembee pamoja kutoka borni hata borni. Hii ni mila yenyewe, na haiombi feza nyingi: chupa chache na viti.

Ine, feza ihesabiwe mbele ya watu, mahali pa usalama, mara moja kama inawezekana, na barua iandikwe palepale pamoja na majina ya wote. Wazee wa Kiswahili walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tutaongeza kwamba daftari bila watu nalo limepotea mara nyingi katika mji huu. Na mnunuzi asikae juu ya barua hiyo kama kuku juu ya yai. Aende mpaka sertifika iandikwe kwa jina lake.

Tano, na hili njo tunalolitilia nguvu zaidi: kama kuna komisionere, naye atie sahihi. Jina lake, kitambulisho chake, mahali anapokaa, na kiasi alicholipwa, vyote viwe ndani ya barua, yeye akiwa shahidi. Anayekataa kutia sahihi asipewe hata dola moja. Komisyo yake isiwe tena bei ya kuleta mtu tu. Iwe pia bei ya kujibu kesho atakapoulizwa. Hivyo tutakuwa tumemrudisha mahali pa mjumbe wa zamani, ambaye alipata shukrani yake bila kukimbia. Makomisionere wema hawatakasirika, kwani wao njo wanaoharibiwa jina na wale wa kupita.

Msomaji anayetembea Kadutu, Nyawera ao Panzi ataona kwenye kuta maneno yaliyoandikwa kwa rangi, kwa herufi kubwa: Parcelle à ne pas vendre. Mgeni anacheka, anauliza kwa nini mtu aandike kwamba nyumba yake haiuzishwe, kwani nani alimwomba? Sisi tunajua. Nyuma ya ukuta huo kuna ndugu mmoja aliyejaribu kuuzisha mali ya wote, na komisionere mmoja aliyekubali bila kuuliza. Jamaa ilikosa bashamuka wa kuita, ikaamua kuita avenyu nzima. Kila anayepita na kusoma amekuwa shahidi, apende asipende. Kama tungefanya mambo mbele ya watu tangu mwanzo, rangi hiyo ingetumika kwa kupaka milango.